Kuchagua Pete za Mshipi kwa Fimbo ya Chelezo Inayoundwa kwa Oda

Mvuvi wa perege anayeketi kando ya bwawa na ufito wa mwanzi hahitaji pete hata moja. Mshipi wake umefungwa kwenye ncha ya ufito, chelezo cha kipande cha ndala kinaelea mbele yake, na samaki akivuta ufito huinuliwa naye hufika mkononi. Uwezo wa zana hiyo unaishia pale urefu wa mshipi unapoishia. Anayetaka chelezo kiende mita 20 kutoka ukingoni, au anayetaka kumpa samaki mkubwa nafasi ya kukimbia bila kukata, anahitaji rili. Rili ikishafungwa kwenye mpini, mshipi hauna budi kusafiri juu ya fimbo nzima hadi nchani, na kinachouongoza katika safari hiyo ni pete.

Fimbo ya chelezo inayozungumzwa hapa ni ile iliyokuzwa na wavuvi wa burudani wa Uingereza: ndefu, nyembamba, yenye vipande vitatu vinavyochomekana, na mara nyingi urefu wake ni futi 13, yaani takriban mita 3.96. Hutumika na mshipi mwembamba wa nailoni unaobeba kilo 1 hadi 2 tu kabla ya kukatika. Kwa maji yaliyotulia ya mabwawa na ghuba za ziwa, na kwa samaki wa aina ya perege na sato ambao huonja chambo kwa tahadhari, ni zana inayofaa. Haifai kwa sangara. Anayekusudia sangara atafute fimbo ya aina nyingine kabisa, kwa kuwa hakuna pete itakayoifanya fimbo ya chelezo ihimili samaki huyo.

Watu wengi wanaoagiza fimbo ya kuundwa kwa mkono hutumia muda mrefu kuchagua ufito wenyewe, rangi ya uzi na umbo la mpini, kisha suala la pete huachwa liamuliwe na kile kilichopo dukani. Uamuzi huo una gharama. Pete ikishafungwa kwa uzi na kufunikwa kwa gundi, kuiondoa ni kazi ya wembe na joto juu ya ufito wa nyuzi za kaboni ambao ukuta wake, karibu na ncha, ni mwembamba kiasi cha kuharibiwa na mkwaruzo mmoja. Aidha, pete isiyofaa hukata mshipi wakati samaki yuko kwenye ndoana. Samaki huondoka na ndoana mdomoni, na nailoni isiyooza upesi hubaki majini ikisubiri miguu ya ndege au shingo ya kobe.

Uzito

Jambo la kwanza la kupimwa ni uzito, na hasa mahali uzito huo unapokaa. Gramu moja iliyo karibu na mkono haisikiki. Gramu hiyohiyo ikikaa nchani hubadilisha tabia ya fimbo nzima. Sababu yake inaeleweka kwa hesabu ndogo: ugumu wa kuuzungusha mzigo uliopo kwenye fimbo huongezeka kwa mraba wa umbali wake kutoka mkononi. Pete iliyo mita 3.6 kutoka mkononi iko mbali mara 3 kuliko ile iliyo mita 1.2, lakini athari yake katika kuichelewesha fimbo ni mara 9.

Athari hiyo huonekana pale chelezo kinapozama. Mvuvi ana muda mfupi sana wa kuinua fimbo kabla samaki hajatema chambo. Ncha iliyolemewa na pete nzito hubaki nyuma, kisha hufika kwa kishindo na kutikisika. Kuchelewa kunampoteza samaki, na kishindo hukata mshipi mwembamba. Kwa hiyo katika theluthi ya juu ya fimbo, pete ziwe ndogo na nyepesi kadiri matumizi yanavyoruhusu, na uzi wa kuzifungia uwe mwembamba. Gundi pia ina uzito. Fundi anayerundika gundi nene ili kazi ing'ae anaweza kurudisha uzito wote uliookolewa kwa kununua pete za bei kubwa.

Pete hufungwa kwenye ufito kwa wayo wake, na zipo zenye wayo mmoja na zenye nyayo mbili. Zenye nyayo mbili ni imara zaidi na hufaa fimbo za baharini, lakini huongeza uzito na hukakamaza sehemu ya ufito iliyo chini yake, kwa kuwa uzi hufungwa pande zote mbili za pete. Fimbo ya chelezo inatakiwa kupinda kwa upinde mmoja laini kuanzia nchani. Kwa sababu hiyo, mafundi wengi huchagua wayo mmoja kwa fimbo nzima, isipokuwa pengine pete ya kwanza iliyo jirani na rili, ambayo hugongwa zaidi wakati wa kubeba na kufungasha.

Urefu wa mguu

Hapa fimbo ya chelezo inatofautiana na nyingine. Mshipi wake ni mwembamba na mwepesi mno, na ukilowa hunata kwenye ufito kama unywele uliolowa unavyonata shingoni. Siku ya manyunyu, au siku ya upepo wa ziwani unaopeperusha mshipi pembeni, mshipi ulionata hautoki. Mvuvi hurusha chelezo kiende mita 20, nacho huanguka mita 10. Akitaka mshipi utiririke wenyewe kufuata mkondo wa mto, hautiririki, na chelezo husita na kuvuta chambo kwa namna ambayo samaki yeyote aliyezoea kuvuliwa huitilia shaka.

Dawa yake ni mguu mrefu. Pete za fimbo ya chelezo husimama mbali na ufito kuliko pete za ukubwa uleule zilizokusudiwa fimbo nyingine, ili mshipi upite hewani bila kugusa. Mnunuzi anayetazama kipenyo pekee hukosa kipimo hiki. Pete mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana sana katika kimo, kwa hiyo ni vyema kuomba vipimo vyote viwili, kipenyo na kimo, kabla ya kulipa. Kimo nacho kina mpaka wake. Mguu mrefu wa waya mwembamba hupinda kwa urahisi fimbo ikibanwa kwenye buti ya gari au ikiwekwa pamoja na mizigo mingine ndani ya mtumbwi, na pete iliyopinda huupeleka mshipi pembeni. Kwa mvuvi anayesafiri kwa basi au bodaboda kwenda bwawani, mfuko mgumu wa kubebea fimbo unastahili kuhesabiwa katika gharama tangu mwanzo.

Kipenyo, na fundo linalosahaulika

Namba iliyoandikwa kwenye pete za kisasa, kama zile za Fuji ya Japani zinazotumiwa na mafundi wengi duniani, kwa kawaida ni kipenyo cha nje cha duara la kauri kwa milimita. Tundu ambalo mshipi hupita ni dogo zaidi, kwa kuwa kauri yenyewe ina unene. Pete namba 6 haina tundu la milimita 6. Tofauti hiyo ni ndogo karibu na mpini, lakini nchani inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya fundo kupita na fundo kukwama.

Fundo hilo ni lipi? Chelezo hufungwa kwa njia mbili. Katika maji yenye kina kifupi kuliko fimbo, hubanwa mahali pamoja kwenye mshipi kwa risasi ndogo. Katika maji yenye kina kirefu kuliko fimbo, njia hiyo haiwezekani, kwa kuwa chelezo kingefika kwenye pete ya ncha wakati samaki angali mbali ndani ya maji. Hapo chelezo huachwa kiteleze juu ya mshipi, na fundo dogo la uzi hufungwa kwenye kina kinachotakiwa ili kukizuia. Fundo hilo huingia na kutoka katika kila pete, kila mara mvuvi anaporusha na kila anapovuta. Tundu likiwa dogo, fundo hugonga pete moja baada ya nyingine, urushaji hupungua, na mshipi huchakaa palepale lilipo fundo. Katika mabwawa yenye kingo zinazoshuka ghafla, uvuvi wa namna hii ni wa kawaida, na fundi anayeuliza mteja wake atavua kwenye kina gani anauliza swali muhimu kuliko la rangi.

Aina ya rili nayo huamua. Ipo rili ambayo bobini yake haizunguki wakati wa kurusha: mshipi huchomoka kwa kuzunguka mdomo wa bobini na kuja mbele ukiwa umejiviringisha mithili ya springi. Pete ya kwanza ina kazi ya kuukusanya mviringo huo. Ikiwa ndogo mno au karibu mno na rili, mshipi huupiga ufito na kupunguza mwendo. Ipo pia rili ya gurudumu, ambayo yenyewe ndiyo huzunguka na kuachia mshipi ulionyooka, na hupendwa na wanaovua kwenye mito kwa kufuata mkondo. Rili hiyo haihitaji pete kubwa ya kwanza, kwani hakuna mviringo wa kukusanya. Anayetarajia kutumia rili zote mbili kwenye fimbo moja achague kwa kufuata ya kwanza, kwa sababu ndiyo yenye masharti magumu.

Kwa fimbo ya futi 13 yenye rili ndogo ya bobini isiyozunguka, mpangilio ufuatao unafaa kuanzia: pete ya kwanza namba 12, ya pili 10, ya tatu 8, na zinazobaki zote namba 6, pamoja na pete ya ncha yenye tundu lisilopungua la jirani zake. Rili ikiwa kubwa, pete ya kwanza huweza kufika namba 16. Kushuka chini ya namba 6 kunapunguza uzito, lakini anayevua kwa chelezo kinachoteleza atalipia upungufu huo kila anaporusha.

Pete ya ncha ina kipimo cha ziada, yaani kipenyo cha mrija unaovikwa kwenye ufito. Baadhi ya watengenezaji huandika kipimo hicho kwa milimita na wengine, hasa wa Marekani, kwa sehemu za 64 za inchi. Mrija namba 4 kwa mtindo wa Marekani ni takriban milimita 1.6. Agizo linalofanywa bila kuangalia ni mtindo upi unaotumika huleta pete isiyoingia au inayocheza, na gharama ya kusafirisha kipande kimoja kutoka nje ya nchi huweza kuzidi bei ya kipande chenyewe. Ncha ya ufito ipimwe kwanza kwa kipimio sahihi. Ufito usikwanguliwe ili kulazimisha mrija mdogo.

Kinachogusana na mshipi

Zamani fimbo za Uingereza zilikuwa na pete za waya mtupu, na zile za bei zilitiwa jiwe la akiki kwenye pete ya kwanza na ya ncha, mahali ambapo msuguano ni mkubwa. Waya laini hulika: mshipi unaobeba chembe za mchanga huchimba mfereji mwembamba, na mfereji huo hugeuka kisu. Siku hizi duara la ndani hutengenezwa kwa kauri ngumu. Oksidi ya alumini inatosha kabisa kwa mshipi wa nailoni na bei yake ni ya wastani. Silikoni kabidi ni ngumu zaidi, hung'arishwa vizuri zaidi na huondoa joto la msuguano kwa haraka, jambo lenye maana kwa samaki wanaokimbia kwa kasi au kwa mshipi wa kusuka. Kwa perege wa nusu kilo kwenye nailoni, tofauti hiyo haionekani. Fedha iliyotengwa kwa silikoni kabidi kwenye fimbo nzima ingetumika vizuri zaidi kununua pete nyepesi za nchani.

Fremu inayoshika kauri ni suala jingine. Chuma kisichoshika kutu kinatosha kwa maji baridi. Kwa mvuvi wa pwani, au wa bara anayepeleka fimbo hiyo Tanga au Mafia mara moja kwa mwaka, chumvi huingia chini ya uzi na kula wayo mahali pasipoonekana. Titani haishiki kutu na ni nyepesi kuliko chuma, ila bei yake ni kubwa. Wengi hufanya jambo la kati: titani kwenye pete za juu ambako wepesi unahitajika, na chuma kisichoshika kutu kwenye pete za chini. Mchanganyiko huo hauna ubaya wowote isipokuwa kwa macho.

Idadi, nafasi na jaribio la chupa ya maji

Kanuni ya zamani ya mafundi ni pete moja kwa kila futi ya fimbo, ukiacha ya ncha. Kwa futi 13 hizo ni pete 13, na fimbo laini sana huweza kuhitaji moja au mbili zaidi. Sababu ya wingi huo hujulikana fimbo inapopinda. Kati ya pete na pete, mshipi hunyooka wakati ufito umepinda. Nafasi ikiwa kubwa, mshipi hukata kona kali katika kila pete, mzigo hukusanyika kwenye vituo vichache badala ya kuenea, na ufito hupinda kwa mikunjo. Nafasi ziwe ndogo nchani, sentimita 10 hadi 12, kisha ziongezeke taratibu kadiri ufito unavyonenepa. Pete ya kwanza, kwa rili ndogo, huanza kujaribiwa sentimita 80 hadi 100 kutoka kwenye bobini, mahali ambapo kwa fimbo nyingi za vipande vitatu ni karibu na mwisho wa kipande cha chini.

Yapo majedwali yanayotoa nafasi hizo kwa sentimita. Yatumike kama pa kuanzia tu, kwa kuwa fito mbili za urefu mmoja hazipindi sawa. Njia ya uhakika ni kuzibandika pete zote kwa utepe wa karatasi, kufunga rili, kupitisha mshipi na kuning'iniza uzito mwishoni. Chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa, yenye uzito unaokaribia nusu kilo, inatosha. Mpini ukishikiliwa mahali pamoja, mtu wa pili hutazama kwa ubavu. Mshipi unatakiwa kufuata upinde wa ufito kwa karibu. Palipo na kona kali, pete isogezwe au iongezwe. Jaribio hili huchukua jioni moja na halihitaji kifaa chochote cha gharama. Fundi anayekataa kulifanya kwa kisingizio kwamba tayari anazo namba zake anampa mteja sababu ya kutafuta fundi mwingine.

Kabla ya utepe kuondolewa, fimbo irushwe pia uwanjani, ikiwa na risasi ndogo mahali pa ndoana. Kishindo cha mshipi ukiupiga ufito kinasikika kwa sikio, na tiba yake ni kuisogeza pete ya kwanza sentimita chache mbele au nyuma.

Jambo moja la vipande vitatu lisisahauliwe: pete isiwekwe juu ya sehemu ambayo kipande kimoja huingia ndani ya kingine, isipokuwa uzi wake umejumuishwa katika ufungaji wa kuimarisha mdomo wa kiungio. Mdomo huo ufungwe uzi hata kama hauna pete, kwa sababu ndipo ufito hupasuka. Pete iliyo jirani na kiungio ina faida ya kumsaidia mvuvi kunyoosha mstari anapounganisha vipande gizani alfajiri.

Mafundi hutofautiana kuhusu uti wa ufito, yaani upande ambao ni mgumu kidogo kuliko pande nyingine kutokana na jinsi kaboni ilivyokunjwa. Wapo wanaozipanga pete kwa kuufuata, na wapo wanaoupuuza na kufuata mnyoofu wa ufito ili fimbo ionekane imenyooka. Kwa fimbo nyepesi ya chelezo, njia zote mbili zimetoa fimbo nzuri.

Kufunga na kukagua

Kila wayo uchongwe kwa tupa hadi ncha yake iwe kali kama ulimi wa kalamu, kisha ulainishwe chini yake. Wayo butu huacha pengo ambalo uzi hauwezi kulipanda, na makali yaliyobaki chini huuchimba ufito kila unapopinda. Gundi iwe epoksi iliyokusudiwa fimbo, inayobaki na unyumbufu, na ipakwe tabaka mbili nyembamba huku fimbo ikizungushwa polepole hadi ikauke. Epoksi ya kukauka kwa dakika tano inayouzwa madukani kwa matengenezo ya nyumbani hugeuka njano na kupasuka.

Mteja anapokabidhiwa fimbo, achungulie kutoka kwenye mpini kuelekea nchani: matundu yote yawe kwenye mstari mmoja. Kisha apitishe kipande cha pamba ndani ya kila pete na kukizungusha. Pamba ikiacha nyuzi zake mahali popote, kauri ina ufa au ukingo mkali, na pete hiyo ibadilishwe kabla fimbo haijaondoka kwa fundi. Ukaguzi huo wa pamba urudiwe kila baada ya safari kadhaa, hasa kwenye pete ya ncha, ambayo hugongwa ukutani na mlangoni kuliko zote.

Kuwa na fimbo ya burudani hakumwondolei mtu wajibu wa kisheria. Uvuvi Tanzania Bara unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 pamoja na kanuni zake, na Zanzibar ina Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya mwaka 2010. Maeneo ya hifadhi za bahari yana sheria yake, Na. 29 ya mwaka 1994, na hifadhi za taifa zina taratibu zake za vibali. Ofisi ya uvuvi ya halmashauri ndiyo pa kuulizia leseni inayohitajika kwa bwawa au ufukwe husika, na ni vyema swali hilo liulizwe kabla ya oda kutolewa, kwa kuwa eneo linaloruhusiwa na kina chake ndivyo vitakavyomwongoza fundi katika kupanga pete.